PIMA BANDA LAKO KWA KAMBA: Namna ya kupata urefu usioujua kwa kutumia pembetatu mraba



Mvua za masika katika mkoa wetu wa Dar es Salaam huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ambayo wafugaji wengi wa pembezoni mwa jiji, kuanzia Bunju na Mabwepande hadi Chamazi, Chanika na Pugu, hujenga mabanda mapya au kukarabati ya zamani. Eneo ni dogo, mbao na mabati ni ghali, na wengi mmezoea zizi la miiba la kule porini ambalo halihitaji kipimo. Banda la bati ni jambo jingine. Likikosewa kipimo, hasara inaanza siku ya kupaua na kuendelea msimu mzima wa mvua.

Kipeperushi hiki kinaeleza njia moja ya kupima ambayo itakusaidia kufanya kazi nne: kunyoosha kona za banda, kujua urefu wa mabati kabla ya kwenda dukani, kutengeneza mteremko wa kupakia mifugo kwenye gari, na kupata urefu wa uzio mahali ambapo huwezi kupita na tepu. Unahitaji kamba, vigingi, tepu (futi kamba) na simu yenye kikokotoo. Kama una mtoto anayesoma sekondari, mwite mkae pamoja. Hesabu hii anaifundishwa shuleni, na hapa ataiona ikifanya kazi.

KWA NINI KIPIMO NI AFYA YA MIFUGO

Bati likiwa fupi, maji ya mvua huingia ndani ya banda. Sakafu hulowa, samadi na mkojo hugeuka tope. Ndama anayelala kwenye tope na kupigwa na baridi hupata nimonia na kuhara. Ng'ombe anayesimama kwenye tope muda mrefu kwato hulainika na kuoza. Anayekamuliwa akilala hapo, uchafu huingia kwenye chuchu na ugonjwa wa kiwele hufuata. Dawa za magonjwa hayo, pamoja na maziwa unayomwaga wakati wa kutibu, vinakula fedha zaidi ya mabati uliyojaribu kuyapunguza.

KANUNI YENYEWE

Pembetatu mraba ni pembetatu yenye kona moja iliyo sawasawa kama kona ya daftari au ya mlango. Kona hiyo huitwa pembe mraba. Pande mbili fupi ndizo zinazokutana kwenye kona hiyo. Upande wa tatu, unaotazamana na kona hiyo, umelala mshazari na ndio mrefu kuliko yote.

Kanuni inasema hivi: chukua upande mfupi wa kwanza, uzidishe kwa wenyewe. Chukua upande mfupi wa pili, uzidishe kwa wenyewe. Jumlisha majibu hayo mawili. Jumla hiyo ni sawa na upande wa mshazari uliozidishwa kwa wenyewe.

Mfano rahisi: pande fupi ni mita 3 na mita 4.
3 × 3 = 9
4 × 4 = 16
9 + 16 = 25
Ni namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata 25? Ni 5. Basi mshazari ni mita 5.

Kutafuta namba hiyo huitwa kutafuta kipeuo cha pili. Kwenye kikokotoo cha simu bonyeza alama ya √ kisha 25. Katika simu nyingi alama hiyo hutokea ukiigeuza simu ilale kwa upande. Kama simu yako haina alama hiyo, jaribu namba kwa kuzizidisha hadi ukaribie: kwa jibu la 14, jaribu 3.7 × 3.7 = 13.69, kisha 3.8 × 3.8 = 14.44. Jibu lako liko katikati ya 3.7 na 3.8.

Mashuleni kanuni hii inaitwa kwa jina la Pythagoras, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2500 iliyopita. Lakini watu wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraq, waliijua zaidi ya miaka 1000 kabla yake na waliiandika kwenye vibao vya udongo. Ni elimu ya zamani ya watu waliopima mashamba na kujenga nyumba.

KAZI YA KWANZA: KUNYOOSHA KONA

Mafundi wengi hukadiria kona kwa macho. Macho hudanganya, hasa kwenye kiwanja chenye mteremko au kilichopakana na uzio uliopinda. Fanya hivi:

1. Tandika kamba isiyovutika. Kamba ya manila ni nzuri. Weka alama 13 zenye nafasi sawa, ili upate vipande 12 vilivyolingana. Kila kipande kinaweza kuwa mita 1, nusu mita, au hata urefu wa fimbo yako ya kuchungia. Kanuni haijali kipimo gani umetumia, mradi vyote vilingane.
2. Usiweke alama kwa kupiga mafundo kwenye kamba yenyewe baada ya kuipima, kwa sababu kila fundo hula kamba na vipande havitalingana tena. Funga uzi wa rangi au tumia mkaa.
3. Unganisha alama ya kwanza na ya mwisho, zishikwe na mtu mmoja.
4. Mtu wa pili ashike baada ya vipande 3. Mtu wa tatu ashike baada ya vipande 4 vingine. Vitakavyobaki kurudi kwa mtu wa kwanza ni vipande 5.
5. Vuteni wote kamba ikaze. Kona aliyoshika mtu wa pili, kati ya upande wa 3 na upande wa 4, ni pembe mraba. Pigilia kigingi hapo.

Kazi hii inataka watu watatu tu. Baba, mama na kijana mmoja wanaimaliza kwa muda mfupi kabla fundi hajafika.

KUKAGUA BANDA ZIMA KWA KUPIMA KONA KWA KONA

Tuchukue banda lenye upana wa mita 4.8 na urefu wa mita 6.4. Mstari wa kutoka kona moja hadi kona inayoikabili unaligawa banda kuwa pembetatu mraba mbili. Je, mstari huo una urefu gani?

4.8 × 4.8 = 23.04
6.4 × 6.4 = 40.96
23.04 + 40.96 = 64
Kipeuo cha pili cha 64 ni 8.

Basi kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo, pima kona kwa kona. Ukipata mita 8, halafu ukapima kona mbili nyingine ukapata mita 8 pia, msingi umenyooka. Ukipata mita 8.1 upande mmoja na mita 7.9 upande mwingine, banda limelala. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba ukuta wa nyuma umesogea pembeni kama sentimita 12 kutoka pale unapotakiwa kuwa. Mabati yatapandana kama ngazi, mengine yakitokeza nje na mengine yakiishia kabla ya ukuta.

Kusogeza vigingi hakugharimu kitu. Kung'oa nguzo zilizokwisha kufukiwa kwa zege ni hasara. Kagua wakati bado ni vigingi.

Wakati wa kuchagua upande, uelekeze urefu wa banda mashariki na magharibi. Jua la asubuhi na la jioni litapiga upande mfupi, na mifugo itapata kivuli zaidi kwenye joto letu la pwani.

KAZI YA PILI: KUJUA UREFU WA MABATI

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mfugaji anatazama banda lenye upana wa mita 4.8, anagawa mara mbili, anapata mita 2.4 kila upande wa paa. Anakwenda dukani kununua mabati ya mita 2.5 akidhani yamezidi kidogo. Fundi anapanda juu, bati halifiki ukutani.

Sababu ni kwamba paa halilali chini. Limepanda mshazari, na mshazari siku zote ni mrefu kuliko upande wa chini. Pima hivi:

Nusu ya upana wa banda: mita 2.4.
Kimo cha kenchi, yaani kutoka usawa wa juu ya ukuta hadi kilele cha paa: tuseme mita 1.
2.4 × 2.4 = 5.76
1 × 1 = 1
5.76 + 1 = 6.76
Kipeuo cha pili cha 6.76 ni 2.6.

Kutoka kileleni hadi ukutani ni mita 2.6. Bati la mita 2.5 linapungua sentimita 10 hata kabla ya kufika ukutani. Na bati linatakiwa livuke ukuta ili maji yadondokee nje, mbali na mifugo. Tukiongeza sentimita 40 za kutokeza nje:

2.6 + 0.4 = mita 3.

Banda hili linataka mabati ya mita 3. Mbao za mteremko za kenchi nazo hukatwa kwa kipimo hichohicho.

Sasa idadi. Banda lina urefu wa mita 6.4. Ongeza sentimita 30 za kutokeza kila mwisho, unapata mita 7. Muulize muuzaji bati moja linafunika sentimita ngapi likishapandana na jirani yake. Kama linafunika sentimita 70, gawanya: 7 ÷ 0.7 = 10. Mabati 10 upande mmoja na 10 upande mwingine, jumla 20. Ongeza kofia ya kileleni yenye urefu wa mita 7.

Jambo moja la kukubaliana na fundi mapema ni kimo cha kenchi. Fundi akiamua akiwa juu kwamba paa lipande mita 1.4 badala ya 1, mshazari unabadilika:

5.76 + 1.96 = 7.72, kipeuo chake ni karibu 2.78.

Bati lako la mita 3 sasa litavuka ukuta kwa sentimita 22 tu, na mvua ya upepo itaingia. Kwa hiyo kimo kwanza, hesabu pili, dukani tatu.

KAZI YA TATU: MTEREMKO WA KUPAKIA MIFUGO

Wengi wenu mnapeleka au kuleta mifugo kutoka mnada wa Pugu. Mnyama anayevutwa kwa mkia na kurushwa kwenye gari huvunjika mguu, huchubuka, na mbuzi au ng'ombe mwenye mimba huweza kuitupa. Mnyama aliyechubuka nyama yake hukatwa na kutupwa machinjioni, na bei yako inashuka. Mteremko mzuri humfanya apande mwenyewe.

Kipimo cha kukumbuka: kwa kila mita 1 ya kupanda, ziwepo angalau mita 3 za kwenda mbele. Mteremko mkali kuliko huo humtisha mnyama na kumtelezesha.

Mfano wa lori. Sakafu ya lori iko mita 1.2 kutoka ardhini. Kwenda mbele ni 1.2 × 3 = mita 3.6. Mbao ziwe na urefu gani?

1.2 × 1.2 = 1.44
3.6 × 3.6 = 12.96
1.44 + 12.96 = 14.4
Kipeuo cha pili ni karibu 3.8.

Nunua mbao zisizopungua mita 3.8.

Mfano wa kirikuu cha kubebea mbuzi. Hapa tunageuza hesabu. Unazo tayari mbao za mita 2.5, na sakafu ya gari iko sentimita 70, yaani mita 0.7, kutoka chini. Je, zitafaa? Sasa mshazari unaujua, unatafuta upande wa chini. Kwa hiyo unatoa badala ya kujumlisha:

2.5 × 2.5 = 6.25
0.7 × 0.7 = 0.49
6.25 − 0.49 = 5.76
Kipeuo cha pili cha 5.76 ni 2.4.

Mbao zitafika mita 2.4 mbele. Kipimo chetu kinataka angalau 0.7 × 3 = mita 2.1. Mbao zako zinafaa, huna haja ya kununua nyingine. Pigilia vipande vya mbao kwa kukatiza ili kwato zishike, na weka kuta pande zote mbili mnyama asione chini.

Kumbuka tofauti hii: ukitafuta mshazari, jumlisha. Ukitafuta upande mfupi, toa.

KAZI YA NNE: UZIO WENYE UPANDE USIOPIMIKA

Viwanja vya huku kwetu mara nyingi si vya mraba. Tuseme una kipande cha kupanda majani ya tembo. Upande wa barabarani ni mita 30. Upande wa nyuma, uliolingana mwelekeo na barabara, ni mita 21. Upande wa kushoto umesimama wima kwenye barabara, kona zake mbili ni pembe mraba, na una mita 12. Upande wa kulia umekwenda mshazari na umejaa miiba na maji yaliyotuama. Huwezi kunyoosha tepu hapo.

Chora kiwanja kwenye karatasi, au hata mchangani kwa kijiti. Kutoka mwisho wa upande wa nyuma, shusha mstari ulionyooka hadi barabarani. Mstari huo ni mita 12, sawa na upande wa kushoto. Umekata kiwanja vipande viwili: mstatili na pembetatu mraba. Kwenye upande wa barabara, pembetatu imechukua 30 − 21 = mita 9.

9 × 9 = 81
12 × 12 = 144
81 + 144 = 225
Kipeuo cha pili cha 225 ni 15.

Upande uliojaa maji ni mita 15, na hukukanyaga tope.

Mzunguko wote: 30 + 21 + 12 + 15 = mita 78. Ukiweka nguzo kila baada ya mita 3, unahitaji 78 ÷ 3 = nguzo 26. Ukizungusha seng'enge mistari mitatu, 78 × 3 = mita 234, ongeza kidogo kwa ajili ya kufungia. Aliyekadiria kwamba upande wa kulia ni mita 12 kama wa kushoto atapungukiwa mita 9 za waya na nguzo moja, na mwanya huo ndio mbuzi watakaoupata.

Eneo nalo unalipata: jumlisha pande mbili zilizolingana mwelekeo, gawanya kwa 2, zidisha kwa 12.
30 + 21 = 51; 51 ÷ 2 = 25.5, 25.5 × 12 = mita za mraba 306.
Ukipanda majani ya tembo kwa nafasi ya mita 1 kati ya mistari na nusu mita kati ya mashina, kila shina linachukua nusu mita ya mraba. Andaa vipando 612.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

• Kuchanganya vipimo. Ukianza na mita, maliza kwa mita. Usichanganye mita na futi, wala sentimita na mita, katika hesabu moja. Sentimita 70 andika 0.7.
• Kujumlisha pande bila kuzizidisha kwanza. 3 na 4 haiwi 7. Mshazari ni 5.
• Kutumia kanuni mahali pasipo na pembe mraba. Kama kona haijanyooka, jibu litakuwa la uongo. Hakikisha kona kwanza kwa kamba.
• Kutumia kamba ndogo kwenye jengo kubwa. Kosa dogo kwenye kamba ya hatua tatu linakuwa kubwa mwisho wa ukuta. Kwa banda, tumia mita 3, 4 na 5 au zaidi.
• Kupima na tepu iliyolegea. Ikaze, na isipite juu ya kichuguu wala majani.
• Kuhangaika na mteremko mdogo. Sakafu ya banda inatakiwa kuteremka kama sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita ili mkojo utiririke. Mteremko huo ni mdogo mno, urefu wa sakafu hauongezeki kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa paa na kwa mteremko wa kupakia, lazima upige hesabu.

NAMBA ZA KUWEKA KICHWANI

Pande fupi 3 na 4, mshazari 5
Pande fupi 6 na 8, mshazari 10
Pande fupi 5 na 12, mshazari 13
Pande fupi 8 na 15, mshazari 17
Pande fupi 7 na 24, mshazari 25

Ukizidisha namba zote tatu za mstari mmoja kwa namba ileile, au ukizigawanya kwa namba ileile, kanuni inabaki. Ndiyo maana 4.8, 6.4 na 8 zilitoka sawasawa: ni 3, 4 na 5 zilizozidishwa kwa 1.6.

KABLA HUJATOA FEDHA

1. Chora banda, andika vipimo unavyovijua, weka alama ya kuuliza kwenye usichokijua.
2. Tafuta pembetatu mraba ndani ya mchoro.
3. Piga hesabu mara mbili, ikiwezekana watu wawili tofauti.
4. Kagua vigingi kona kwa kona.
5. Kubaliana na fundi kimo cha kenchi, mwandike kwenye karatasi.
6. Nenda dukani na karatasi hiyo mkononi.

Fundi mzuri hatachukia ukimwonyesha hesabu, mtakwenda pamoja. Ukikwama, chukua mchoro wako ufike ofisi ya kata umwone afisa mifugo. Njoo mapema, kabla ya kununua mbao, maana kigingi ni rahisi kukihamisha kuliko paa.